Na ya kutolea

Mimi ni mweka hazina wa ukoo wetu. Kazi hii haina mshahara wala posho, ila lawama zipo mwaka mzima. Nimeishika tangu 2013, na mengi ninayoyajua kuhusu watu wa rika langu nimeyajulia humo, kwenye hela za misiba, harusi na matibabu, kuliko chuoni au kazini.

Rika langu ndilo Wamarekani walilolipa jina la kizazi cha milenia, yaani waliozaliwa kati ya mwaka 1981 na 1996 hivi. Mimi ni wa 1987. Wao wakiwaeleza wa kwao hutaja mashambulizi ya Septemba 2001, anguko la mabenki la 2008, na intaneti iliyowakuta sebuleni wangali wadogo. Sisi tuliokulia milima ya Usambara tulikuwa na yetu. Wengi tulipata akili Mzee Mwinyi akiwa Ikulu, maduka yameanza tena kuwa na sabuni na sukari baada ya ile miaka ya foleni ambayo wazazi hawachoki kuisimulia. Televisheni ilianza Tanzania Bara mwaka 1994, lakini kijijini kwetu ilichelewa, na ilipofika ilikaa kwenye duka la mtu mmoja mwenye jenereta, aliyetutoza watoto shilingi hamsini tukae chini kwenye saruji tuangalie picha za kareti. Habari zilitoka redioni. Redio ndiyo iliyotuambia Mei 1996 kwamba MV Bukoba imezama, na redio ndiyo iliyotuambia Oktoba 14, 1999 kwamba Mwalimu Nyerere amefariki London. Nilikuwa darasa la tano. Walimu walilia mbele yetu, na sisi hatukujua kama mwalimu huwa analia.

Nafuu za nchi hii zina kawaida ya kutufikia tukiwa tumeshapita. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulioanza 2002, ulikuja na kufutwa kwa ada za shule za msingi. Mimi nilimaliza darasa la saba 2001. Ada ya sekondari za serikali iliondolewa Januari 2016, nami nilikuwa nimeshatoka hata chuo. Mdogo wangu wa mwisho ni wa 1994, kwa hiyo kwa kalenda ya Wamarekani ni wa milenia kama mimi, lakini hakuwahi kurudishwa nyumbani kwa ajili ya ada ya msingi. Mimi nilirudishwa, na ufagio na dumu la maji mkononi kwa sababu navyo vilikuwa lazima. Ninaposema kizazi chetu, basi, najua kwamba ndani yake tumo watu tuliokua katika nchi mbili tofauti kidogo.

Tunachofanana ni ahadi. "Soma mwanangu, uje utukomboe." Mama aliisema akifunga kabichi kwenye tenga la kupeleka Soni, na sidhani kama kuna mama wa Lushoto ambaye hakuisema. Tukasoma. Mwaka 2008 niliingia Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichokuwa na mwaka mmoja tu tangu kifunguliwe, majengo mengine bado yana harufu ya rangi na vumbi linaingia mpaka kwenye daftari. Nilisoma sosholojia, nikaishi kwa bumu, yaani hela ya kujikimu ya mkopo wa chuo, na bumu lilipochelewa tukaishi kwa chai. Siku niliyorudi na joho nyumbani wakachinja mbuzi. Jirani mmoja akaniuliza, kwa heshima kabisa, nimepangiwa ofisi gani.

Hakukuwa na ofisi. Kulikuwa na shirika moja lililotuzungusha vijijini na madodoso, likaahidi malipo mwisho wa mwezi, mwisho wa mwezi ukaja na kwenda hadi nikaacha kuuliza. Nikaanza kuchukua mashuka na mapazia Kariakoo na kuyauza kwa picha za simu. Mdogo wangu alihitimu ualimu 2016, mwaka ambao serikali ilisitisha ajira mpya ili kuhakiki watumishi hewa na vyeti. Cheti chake kilikuwa halali, lakini aliyekitazama kwa miaka iliyofuata ni mama peke yake, ukutani. Yeye alikuwa Karume anapanga mitumba. Na waliobahatika kupata kazi wakakuta sheria imebadilishwa mwaka huohuo, makato ya mkopo wa chuo yamepanda kutoka asilimia 8 hadi 15 ya mshahara.

Wazee wanasema hatutulii. Kweli hatutulii, kila mmoja wetu ana kazi na mishe mbili pembeni, na akipata ya nne haiachi. Lakini baba yangu alitulia. Alikaa shirika moja la umma ujana wake wote, mpaka akapunguzwa kazi miaka ya tisini mashirika yalipobinafsishwa, akarudi mlimani na kiinua mgongo kilichoishia kwenye bati na duka lililokufa. Sisi tulikuwa watoto tukiangalia. Mtu akiniuliza kwa nini rika letu haliweki mayai yote kwa mwajiri mmoja, jibu langu ni lile duka.

Sasa nirudi kwenye hela, maana hapo ndipo nadhani tumeibadilisha jamii kwelikweli, kuliko huko kwenye siasa na muziki tunakosifiwa au kutukanwa.

Kabla ya simu, hela ilisafiri kwa basi. Ulikuwa unaiweka kwenye bahasha, unaandika jina la mama kwa kalamu nzito, unampa kondakta wa basi la Lushoto na ya soda yake, halafu mama anashinda stendi tangu adhuhuri. Simu zilipoenea hazikuleta hela mara moja, zilileta kubip. Mlio mmoja: nimefika. Miwili: nipigie, sina salio. Familia nzima iliendeshwa kwa milio ambayo haikugharimu hata senti. Kisha M-Pesa ikaja Tanzania mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya, na mitandao mingine ikafuata. Sisi tuliokuwa vyuoni ndio tuliokwenda likizo kuwafundisha wazazi. Nilikaa na mama jikoni, moshi machoni, tukirudia *150*00# mpaka akaihifadhi kama dua, kwa mpangilio wa vidole, bila kusoma kilichoandikwa. Leo anatuma hela gizani.

Humo tukatengeneza adabu ambayo wazazi wetu hawakutuachia, kwa sababu hawakuwa na haja nayo. Ukimtumia mtu elfu kumi, unamtumia na ya kutolea, yaani ada atakayokatwa akienda kuitoa kwa wakala. Ukimtumia elfu kumi kavu, umemtumia pungufu, na atakushukuru kwa sauti ambayo utaielewa. Hakuna aliyetuandikia kanuni hii. Nimeona watu wakivunja uchumba na mengi yakitajwa, mojawapo hilo.

Kuhusu jinsi nilivyoangukiwa na uweka hazina, ilikuwa hivi. Shangazi yetu mkubwa alifariki jijini Dar es Salaam jioni moja ya mwaka 2013. Baba mkubwa, ambaye ndiye kichwa cha ukoo, alikuwa Lushoto, na neno lake kwenye simu lilikuwa moja: "Mleteni nyumbani." Sisi ni Waislamu, maiti hailazwi bila sababu. Ilitakiwa gari iondoke kabla ya alfajiri ili tuzike baada ya adhuhuri. Mwenye kosta alitaka shilingi 850,000, na hapo hujanunua sanda wala mchele.

Binamu yangu mmoja akafungua kundi la WhatsApp, akaliita Msiba, akatuingiza wote aliokuwa na namba zetu. Wa kwanza kutuma alikuwa dada yetu aliyeko Muscat kwa kazi za ndani, na alituma kabla hata hatujakubaliana zitumwe wapi. Nikasema zije kwangu, kwa kuwa nilikuwa na laini tatu. Wakati ule kila mtandao ulikuwa na dunia yake, na kutuma hela kutoka mmoja kwenda mwingine ulikuwa usumbufu hadi walipoanza kuunganishwa mwaka 2014. Kila muamala ulipoingia niliandika jina na kiasi kwenye kundi. Sikuwaza lolote kubwa, niliogopa tu kusahau. Lakini orodha ile ilifanya jambo. Aliyekuwa ametuma elfu kumi akiona mdogo wake ameandika thelathini, dakika mbili baadaye anaongeza. Kufika saa nane usiku tulikuwa tumevuka milioni moja na laki mbili.

Hela ipo, lakini ipo hewani. Wakala wa mtaani kwetu Mbagala tulimgongea dirisha, akatoka na taulo, akasema, "Dada, keshi ninayo laki tatu tu. Poleni sana." Wa pili alikuwa na kidogo kuliko yeye. Mwishowe dereva wa kosta, baada ya kunitazama nilivyokuwa nimekaa kwenye ngazi za baraza na simu mbili mkononi, akakubali nusu kwenye simu. Akanitajia namba yake polepole, tarakimu mbilimbili, kisha akaongeza, "Na ya kutolea, dada." Saa kumi na moja kasoro tulikuwa njiani.

Baada ya maziko, baba mkubwa alikaa kwenye mkeka chini ya turubai na kaunta buku lake. Hilo kaunta buku nimelijua tangu utoto: jalada gumu jeusi, mgongo mwekundu, ndani misiba na harusi za ukoo tangu enzi za babu. Akaniambia nisome majina. Nikawa nasoma kutoka kwenye simu, yeye anaandika kwa kalamu.

"Huyu wa elfu ishirini yuko wapi?"

"Yuko Kahama, baba."

"Amekuja?"

"Hakuja. Katuma."

Akaandika: katuma, hajaja. Akafanya hivyo kwa kila jina, hata la aliyeko Muscat, na mimi moyoni nikamwona mkali bila sababu. Nilipochungulia kurasa za nyuma nikaona kwamba miaka yote alikuwa akiandika hivyo. Kulikuwa na mistari yenye shilingi, na kulikuwa na mistari isiyo na shilingi yoyote: kuni, mizigo miwili. Maji. Kachimba. Kalala siku tatu. Mtu wa kuni na mtu wa elfu kumi walikuwa wamefuatana kwenye ukurasa mmoja kwa herufi za ukubwa uleule.

Kabla hatujateremka kurudi Mombo kupanda basi la Dar, aliniita. "Mwanangu, hizi hela za hewani zishike wewe. Hizi za mkononi nitazishika mimi." Ndivyo nilivyoteuliwa. Ukoo wetu haukuwahi kuwa na mwanamke aliyeshika mfuko, na sikumbuki mtu yeyote aliyelijadili hilo. Lilipita kwa mlango wa simu. Nadhani kama lingeletwa kwenye kikao kama hoja ya haki za wanawake lingekataliwa na wanawake wenyewe.

Za mkononi zikapungua mwaka hadi mwaka, za hewani zikaongezeka, na mamlaka yakafuata hela bila kuomba ruhusa. Zamani baba mkubwa alisema harusi itakuwa na ng'ombe wawili, ikawa hivyo. Sasa ananipigia kwanza: "Mfukoni kuna nini?" Namjibu, na jibu langu ndilo linaloamua idadi ya ng'ombe. Hakuna kijana aliyempindua mzee. Ila mwenye kujua salio ndiye anayesikilizwa, na wenye kujua salio ni sisi.

Tukaleta na tabia yetu ya kuuliza. Rika letu lina kutoamini fulani hivi ambako wazee wanakuona kama utovu wa nidhamu. Ukizingatia, hatukukutoa mbali. Tumeahidiwa malipo tukayakosa, na tumepokea ule ujumbe wa matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" mara nyingi kiasi kwamba hata hela halali tunaipigia simu kwanza. Ndugu mmoja wa makamo aliandika kwenye kundi kwamba anaumwa, anahitaji laki nne za hospitali. Zamani zingechangwa palepale. Safari hii binamu zangu watatu waliandika karibu kwa pamoja: tupe namba ya malipo ya hospitali, tulipie moja kwa moja. Alinyamaza wiki nzima. Alipotokea alimlalamikia baba mkubwa kwamba watoto wa siku hizi wanamwona mwizi.

Baba mkubwa alinipigia akiwa amekasirika kweli. "Mnamwanika mtu mzima?" Nilimwambia, "Shikamoo baba. Hatumwaniki, tunataka hela ifike." Nashikilia hivyo mpaka leo. Ugonjwa ulikuwepo, tuliulipia, lakini haukuwa wa laki nne. Na tangu hapo hakuna anayekasirika akiulizwa namba ya malipo; hata wazee wakiomba, wanaitanguliza.

Shangazi mdogo, aliyeishia darasa la nne, ndiye aliyeniuliza swali gumu kuliko yote. Ilikuwa wakati ule wa kusajili laini kwa alama za vidole, mwanzoni mwa 2020, foleni kila mahali na watu wanahangaikia namba za NIDA, zile za kitambulisho cha taifa. Aliniona narudi kusajili, akasema: "Kwa hiyo hela ya ukoo mzima inafunguka kwa dole gumba lako. Na wewe ukifa?" Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Mwezi uliofuata tulifungua akaunti ya kikundi benki, watia saini watatu, mmoja wao yeye mwenyewe shangazi. Sahihi yake inachukua muda na karani huwa anasubiri.

Nimesifia vya kutosha, niseme na upande wa pili, ambao wa rika langu hatupendi kuusema.

Orodha ilipokuwa ya dharura ilikuwa nzuri. Ilipokuwa ya kila mwezi ikawa kitu kingine. Jina, nukta, kiasi, alama ya tiki ya kijani. Jina, nukta, kiasi, tiki. Na katikati jina lisilo na kitu mbele yake, wiki ya kwanza, wiki ya pili, watu mia moja wanaliona kila orodha inaposukumwa juu upya. Binamu yangu mmoja ni bodaboda Mbagala. Pikipiki si yake, ana hesabu ya kupeleka kwa tajiri kila siku kabla hajala. Jina lake lilikaa tupu. Usiku mmoja kundi likaonyesha kwamba ametoka. Hakuna aliyeandika chochote, na huo ukimya nao ulikuwa wa watu mia moja.

Nilimfuata kijiweni. Akaniambia bila kunitazama, huku anafuta taa ya mbele ya pikipiki, kwamba harusi iliyopita alichangia kwa mkopo wa kausha damu, ile mikopo ya riba ya wiki, na alipomaliza kuilipa ikaja orodha nyingine. Kisha akasema, "Siku ya shangazi nani alishuka kaburini?" Alishuka yeye. Alichimba, akapokea mwili, akapandisha udongo, kisha akarudi Dar usiku uleule kwa sababu tajiri alitaka hesabu. Kwenye orodha yangu ya msiba ule hayumo kabisa. Kwenye kaunta buku la baba mkubwa yumo: kachimba.

Hili nimelifikiria sana, na sidhani ni la ukoo wetu tu. Kizazi changu kimejifunza kupima kila kitu kinachoweza kuandikwa kama muamala, na tumekuwa wazuri sana humo. Kamati za harusi zetu zina bajeti, ahadi, vikao na kadi zinazotumwa kwa simu zikiwa na rangi ya sare. Ila mtu akituma elfu ishirini anaona amemaliza, anaandika "poleni wafiwa" na vile viganja viwili, anaendelea na kazi zake. Kuzika kunabakia kwa wale ambao hawana cha kutuma. Baba mkubwa alipoandika "katuma, hajaja" hakuwa mkali. Alikuwa anatunza hesabu ambayo sisi tuliifuta.

Kikaoni tulibishana. Kuna waliosema kuonyesha kiasi ndiyo uwazi wenyewe, na ukificha mmoja utaficha wote. Wana hoja, nami kwa tabia nilikuwa upande wao. Tulichoafikiana ni kwamba kundini inawekwa jumla na majina bila viasi, mchanganuo kamili unakaa kwenye karatasi ya benki ambayo yeyote akitaka anaonyeshwa. Na orodha ikarudishiwa mistari ya zamani. Sasa utakuta: fulani, kapika. Fulani, kalala na wafiwa. Fulani, katoa pikipiki. Vijana wengine wanaona ni kichekesho, na mmoja aliandika chini yake "fulani, kala". Binamu wa bodaboda amerudi kundini, huwa haandiki kitu.

Nje ya ukoo nimeiona tabia hii ikifanya kazi kubwa zaidi. Julai 2021 tozo ya miamala ya simu ilipoanza, hadi shilingi 10,000 kwa muamala mmoja, mimi sikusoma gazeti kujua uzito wake. Niliuona kwenye mfuko wa ukoo, hela ile ile ya msiba inafika pungufu. Mama, ambaye maisha yake yote hajawahi kunitajia bajeti ya serikali, aliniuliza nani kaikata. Watu walipiga picha za meseji za makato wakazisambaza, na Septemba mwaka uleule tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, baadaye ikaendelea kulegezwa. Sisemi ni kundi letu la Lushoto lililoipunguza. Nasema tulikuwa tumeshazoea kuulizana risiti sisi kwa sisi, na kuiuliza serikali haikuwa hatua ndefu.

Wadogo zetu wanaipiga hatua hiyo kwa mguu mwingine. Kenya, Juni 2024, walipokataa muswada wa fedha mpaka Rais Ruto akatangaza kutousaini, walichangishana kwa simu kwa ajili ya majeruhi, watu wasiojuana kabisa. Mpwa wangu wa chuo alinionyesha akiwa na fahari kama vile ni yeye aliyechanga. Nilimwambia huo mchango kwa simu ni kazi ya rika letu. Akanijibu, "Sawa shangazi, lakini nyie mnachangia waliokufa tu."

Amenishika pabaya, maana ndiyo hoja anayotupigia tangu mwaka jana. Anasema tukikusanya hesabu ya misiba na harusi za miaka mitatu, ingewakatia wazee wetu wote bima ya afya, na kwamba sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imeshapitishwa tangu 2023, tunangoja nini. Anatuita wazee wa michango. Anataka mfuko wa misiba ugawanywe, nusu iende bima, na maiti izikwe kwa wali na maharage badala ya pilau. Wenzangu wa rika langu wamegawanyika. Mdogo wangu mwalimu, aliyepata ajira hatimaye baada ya kungoja sana, yuko upande wa mpwa. Mimi niko upande wa mpwa kwa bima, na siko naye kwa kukata nusu nzima, kwa sababu ninajua kosta ya usiku inaitaka hela saa ngapi.

Mpwa amependekeza kikao kifanyike kwa mtandao, kila mtu akae alipo. Nilimpelekea baba mkubwa pendekezo hilo kama lilivyo. Amezidi kupungua sauti siku hizi lakini jibu lilikuwa fupi: anayetaka hela ya bima yangu aje anione ninavyokohoa. Kwa hiyo nimeshaandika kundini. Kikao Lushoto, mwisho wa Desemba, mpwa aje na viwango vya bima vilivyochapwa kwa herufi kubwa, shangazi mdogo aje na kitambulisho chake kwa ajili ya benki. Nauli kila mtu ajitegemee.